Kuwafunza wafanyakazi kutengeneza picha za wasifu kwa akili unde

Afisa wa wafanyakazi, Kizingo

Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha, na kazi yetu kubwa ni mizigo ya bandari ya Kilindini. Mkurugenzi anataka watu wote 38 wa ofisi wawe na picha zinazofanana katika tovuti, na badala ya kumwita mpiga picha amelipia programu ya akili unde inayopokea selfi za mtu kisha ikamtoa akiwa na suti mbele ya ukuta wa kijivu. Mimi nimepewa nusu siku niwafunze. Tulijaribu kwa watu wanne, nikaingiwa na mashaka: mwenzetu mmoja alitokea na nywele zimechomoza chini ya mtandio, ilhali hakupeleka hata picha moja ya kichwa wazi; mzee wetu wa stoo alivishwa kofia yenye nakshi ambazo hakuna mshonaji angezikubali; na mimi mwenyewe nimezibwa mwanya. Mafunzo niyaanzie wapi, na anayekataa nimfanyeje?

Fundi wa kompyuta, Tudor

Waalaikumu salamu, dadangu. Anza kwa kuwaeleza programu inafanya nini, maana wengi hudhani inaing'arisha picha waliyoipeleka. Sivyo: hujifunza sura ya mtu kutokana na picha zake kadhaa, kisha huchora mpya, na pale isipokuwa na hakika hujazia kwa mazoea iliyoyapata katika picha za watu wengine. Mwanya wako umezibwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo saa nzima itumie kwenye uteuzi wa picha za kupeleka. Ziwe za siku na nguo tofauti, za mwanga wa dirishani, bila vichujio na bila mtu mwingine pembeni. Kijana mmoja wa kwetu alipeleka selfi zote za jioni moja ufukweni Mama Ngina, taa za barabarani zimeshawaka, na kila picha aliyotolewa ilikuwa na uso wa manjano. Rangi ya ngozi pia ikaguliwe. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mifumo ya kutambua jinsia kwa uso ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na kwa wanaume weupe haikuzidi asilimia 0.8, kazi ile si ya kuchora, lakini inatosha kututia hadhari. Anayeikagua picha awe jirani wa mezani, kwa kuwa mwenye sura hujipendelea.

Wakili, Barabara ya Nkrumah

Usimlazimishe mtu. Picha ya mtu ni data yake binafsi, na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, mahususi, na yenye kueleweka, tena mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Ridhaa inayoombwa na mwajiri ina utata wake, kwani ni nani atakayemkatalia bosi kwa uso mkavu? Kwa hiyo pawe na njia nyingine kwa asiyetaka, na isiwe ya kumwaibisha. Kabla ya mafunzo soma masharti ya programu ujue selfi huhifadhiwa nchi gani, hufutwa lini, na kama hutumiwa kuifunza programu yenyewe. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Mpiga picha, Kibokoni

Nina maslahi yangu katika jambo hili, nakiri. Lakini watu 38, shuka moja ya kijivu na dirisha linaloelekea kaskazini ni kazi ya asubuhi moja, na kofia ya mzee itabaki ile aliyoivaa. Vitambulisho na pasi za bandari msizitie picha za kuchorwa kabisa. Mlinzi wa getini hulinganisha uso na kadi.

Afisa wa wafanyakazi, Kizingo

Ahsanteni sana. Nimemwomba mkurugenzi tuwape watu hiari: programu au shuka ya kijivu. Amekubali, ila anauliza shuka itanunuliwa kwa fungu gani. Mzee wa stoo ameshachagua shuka.