Wakuu naomba ushauri: hii tamthilia ya polisi mwanamke inaniharibia ndoa, niifute?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu habari zenu. Nina mke na watoto wawili, ndoa ina miaka saba. Mwezi uliopita nilijaziwa flashi duka la muvi, na ndani yake kulikuwa na Prime Suspect, tamthilia ya Waingereza iliyoanza mwaka 1991. Helen Mirren anacheza Jane Tennison, mpelelezi anayekabidhiwa kikosi cha wanaume wachunguze mauaji. Nilidhani tutaitazama siku mbili tusahau. Wife kanasa. Tumemaliza misimu yote saba mpaka ule wa mwisho wa 2006, na sasa anairudia tangu mwanzo, mtoto akiwa kifuani.

Kinachonitesa ni kwamba mimi namwona mwanamke aliyepoteza kila kitu. Mchumba kaondoka, mimba kaitoa, uzeeni yuko peke yake na chupa. Mwenzangu anaona shujaa. Juzi nikamwambia, "Unaona cheo kinavyomla mtu?" Akanijibu, "Hakijamla cheo, wamemla wenzake." Tangu hapo tunaongea habari za mkaa na maziwa tu. Mnaoijua hii tamthilia, nani kati yetu kaielewa? Niifute?

Chizi wa Muvi
Usifute, mkuu, ni dhambi. Msimu wa kwanza hauna mpinzani. Shefford, mpelelezi aliyekuwa na kesi, anaanguka kwa ugonjwa wa moyo, kesi inabaki haina mwenyewe, Tennison anaiomba na wakubwa hawana pa kukwepea. Halafu yule Sajenti Otley anavyomwekea ngumu! Hapigi kelele, anachelewesha tu, ananong'ona, anaficha. Mimi misimu ya katikati ndiyo ilinichosha kidogo. Wewe uliipenda ipi?

Ustadhi wa Kota
Ndugu yangu, nyumba haiwezi kuwa na makamanda wawili. Funga televisheni, kaa na mkeo mzungumze kwa upole. Na hayo ya pombe na mimba si mambo ya kutazama mbele ya watoto.

Mama Tunu
Mimi tamthilia siijui ila huyo Otley namjua. Nilipopewa usimamizi wa ghala la korosho kule Kusini, makuli walikuwa wanakuja mezani kwangu, daftari la mizani liko mkononi mwangu, wananiuliza, "Dada, bosi yuko wapi?" Kila asubuhi. Nilikuwa nawajibu hivyohivyo, "Yuko hapa, sema." Msimu mzima wa kwanza ulipita hivyo. Siku moja gunia zilipungua kumi na moja, na yule aliyekuwa akinicheka kuliko wote ndiye alinijia usiku kunionyesha zilipopitia. Nilirudi nyumbani nikalia, sikujua kama ni furaha au uchovu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinichemshia maji ya kuoga na hakuniuliza kitu. Mwalimu, wewe ulipoona amechoka ulimchemshia maji?

Mnyalu Mpole
Mtu hanuniwi kwa sababu ya muvi. Mkeo anafanya kazi gani?

Mwalimu wa Zamu
Ni mtumishi wa serikali tu. Tusitoke kwenye mada, nauliza kuhusu tamthilia.

Mnyalu Mpole
Idara gani?

Mwalimu wa Zamu
Polisi. Sajenti, yuko Dawati la Jinsia na Watoto.

Chizi wa Muvi
Aaah! Sasa tunaelewana. Kumbe shemeji hatazami muvi, anatazama kazini kwake.

Mbongo wa London
Mwalimu, naishi huku miaka kumi na tisa na hii tamthilia nimeitazama mara tatu, niruhusu nikukosoe kama mdogo wangu. Umeanza kuisoma kutoka mwisho. Yule mchumba, Peter, hakuondoka kwa sababu Tennison alikuwa na cheo. Alikuwa na wageni wake wa biashara, akataka chakula cha jioni kiwe mezani siku ambayo mwenzake alikuwa na maiti na mtuhumiwa. Angekuwa Tennison ni mwanamume, nani angemuuliza habari ya chakula? Mwandishi, Lynda La Plante, alikaa na mpelelezi wa kweli wa polisi wa London, Jackie Malton, akajua wanayopitia. Na polisi wa jiji hili walimpata mkuu wao wa kwanza mwanamke mwaka 2017, Cressida Dick. Hesabu mwenyewe tangu 1991. Pombe ninakubaliana na wewe, inauma kuitazama. Lakini katika msimu wa mwisho, kwenye kikao cha watu wanaojitahidi kuacha pombe, ni nani anakutana naye humo? Otley yuleyule. Mwanamume, sajenti, hakuwahi kuwa mkuu wake. Chupa haikuangalia cheo.

Afande Mstaafu
Niongeze moja. Mle Tennison anahangaika aitwe nini, hataki "ma'am", anataka "guv" au "boss" kama wakubwa wa kiume. Sisi Kiswahili kilitusaidia, afande ni afande, awe baba awe mama. Nimepiga saluti kwa wanawake wawili katika utumishi wangu na mmoja wao ndiye kiongozi bora niliyewahi kumwona. Mwalimu, kuna kitu hujasema. Amepandishwa cheo?

Mwalimu wa Zamu
Afande, shikamoo. Basi niseme. Jina lake limetoka kwenda kozi ya Mkaguzi Msaidizi, Moshi. Inaanza Jumatatu. Mwenzake wa kazini alipiga simu ya nyumbani, nikapokea mimi. Nilimjibu kwamba hataweza. Yeye bado sijamwambia.

Msinihukumu haraka. Akipata hiyo nyota anaweza kupelekwa mkoa wowote, mimi nina kidato cha nne cha kufikisha mtihani. Nilifanya kwa ajili ya familia.

Mnyalu Mpole
Lini hiyo simu?

Mwalimu wa Zamu
Siku tisa zilizopita.

Pwani Asilia
Hii ni CHAI, tena ya rangi. Wito wa kozi unapitia kwa mkuu wake wa kazi, anasomewa, anasaini. Tangu lini polisi wanapigia simu mume? Mke anaingia zamu kila siku, asisikie kwa siku tisa? Jamaa katazama tamthilia akajitungia na yeye. Wakuu, mnatoa machozi yenu bure.

Chizi wa Muvi
Daah, hapo Pwani ana hoja.

Ustadhi wa Kota
Nami nilianza kuona mashaka.

Mwalimu wa Zamu
Haingii zamu. Yuko likizo ya uzazi. Mtoto ana wiki saba.

Baba Pacha
Siku 84 hizo. Sisi tulipata 100 kwa sababu walikuwa wawili, na bado hazikutosha, nilikuwa nalala nimesimama.

Mama Tunu
Wiki saba! Ndiyo maana ulituandikia "mtoto akiwa kifuani" ukapita. Mwanangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

Pwani Asilia
Bado siamini, ila kama ni kweli umefanya vibaya kuliko Otley.

Afande Mstaafu
Kweli au chai, nijibu kama kweli, maana ipo nyumba inapitia haya leo. Mzazi mwenye mtoto wa wiki saba ana sababu nzito ya kuomba asogezewe kozi. Aombe yeye mwenyewe, kwa maandishi, kwa mkuu wake, kabla ya Jumatatu. Ukimsemea wewe kwenye simu, kule ofisini wanaandika kwamba amekataa. Na nafasi hiyo wapo wanaoisubiri. Hujamlinda, kijana wangu, umemkatia jina. Leo Ijumaa. Ofisi bado ziko wazi.

Mwalimu wa Zamu
Afande, mimi nilidhani nikinyamaza itapita yenyewe. Akijua ataondoka na watoto.

Mama Tunu
Atajua tu, mwanangu. Yeye ni mpelelezi. Nenda sasa hivi, simu hiyo weka chini.

Mnyalu Mpole
Lete mrejesho.

Mwalimu wa Zamu
Nimemwambia. Hajanijibu. Amezima televisheni, amenipa mtoto, amechukua simu yake ametoka uani. Nimesimama hapa dirishani namsikia anauliza, "Nani alikwambia siwezi?"