Amplifaya ya valvu inaanza safi, ikipata moto sauti inachanika. Msaada wakuu

Solo_wa_Ngamiani:
Wakuu, habari za majukumu. Nina kiamplifaya cha gitaa cha valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani), kimeundwa kwa kufuata mchoro wa Fender Champ 5F1: valvu ndogo ya kukuza sauti 12AX7 moja, valvu ya nguvu 6V6 moja, rektifaya (ya kugeuza AC kuwa DC) ya 5Y3, spika ya inchi 8. Nilikinunua mkononi kwa mtu. Aliyekiunda naona alinyofoa vipuri kwenye redio za zamani, maana ndani mna vidude vya kahawia vimepakwa nta.

Nikiwasha, sauti safi kabisa. Ikifika kama robo saa, hata volyumu ikiwa 3, noti zinaanza kuchanika, na nyuzi nene ndiyo usiseme. Mimi napiga solo la dansi, mapigo ya Tanga ya enzi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Pale noti isiposikika mojamoja hujapiga kitu. Wanaopenda gitaa likorome waendelee, sina ugomvi nao.

Valvu zote nimejaribu mpya, hali ileile. Fundi mmoja hapa mtaani kasema spika imekufa. Kabla sijatoa hela, mnasemaje?

Besi_Kavu:
Mkuu toa hiyo 12AX7, weka 12AY7. Inaingia soketi hiyohiyo. Ukuzaji wa 12AX7 ni 100, wa 12AY7 ni 44 tu, kwa hiyo haitachanika mapema. Mimi nafanya hivyo na niko poa.

Fundi_Redio_Mstaafu:
Kijana, hela yako iache mfukoni. Spika inayosugua kwa kawaida hukwaruza tangu unawasha, haingoji moto. Ukitaka kujiridhisha, zima, kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole ulivyovitandaza, ikisugua utaisikia. Ila usije ukaichomoa spika halafu ukawasha. Amplifaya ya valvu isiyo na spika inaunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo Tanga hutaipata dukani.

Besi_Kavu, 12AY7 ni sawa kwa amplifaya nzima. Kwa hii ni kumpa mgonjwa wa malaria panadol.

Solo, fanya hivi kwanza. Zima taa ya chumba, acha mashine ipate moto mpaka sauti ichafuke, halafu itazame 6V6. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni hita, huo usikushtue. Nataka unieleze kile kibati cha kijivu kinachoizunguka: kina doa jekundu?

Solo_wa_Ngamiani:
Shikamoo mzee. Doa lipo, upande mmoja, jekundu la kuiva.

Fundi_Redio_Mstaafu:
Marahaba. Izime sasa hivi, usiendelee kupiga, unaichoma valvu.

Namshuku mmoja, na yuko ndani ya nta. Kati ya 12AX7 na gridi ya 6V6, yaani mguu wake wa kuingizia sauti, kuna kapasita ya 0.02 maikrofaradi. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC, maana upande mmoja una volti mia na zaidi na upande wa pili unatakiwa uwe sifuri. Zile za karatasi na nta zikizeeka zinavujisha, na zikipata joto zinavujisha zaidi. Hapo gridi inapata chanya, 6V6 inavuta mkondo kupita kiasi, na sauti inachanika hata ukipiga polepole.

Kupima: mita kwenye DC, waya mweusi kwenye chesisi kwa klipu ya mamba, mkono mmoja mfukoni. Humo ndani mna volti 300 na ushee, na zinabaki kwenye kapasita za chujio hata ukichomoa plagi. Kabla ya kushika kitu, zimwage kwa rezista ya kilo-om 100, wati 2, ishikilie nusu dakika, kisha upime uhakikishe zimeisha. Hili silirudii.

Mashine ikiwa moto nisomee mguu namba 8 wa 6V6 (kathodi) na namba 3 (anodi). Halafu zima, chomoa 6V6, washa tena, usome namba 5 (gridi) kwenye soketi. Bila valvu hapo panatakiwa pawe sifuri.

Solo_wa_Ngamiani:
Mguu 8: volti 24. Mguu 3: volti 300. Mguu 5 bila valvu: inaanza na 2, inapanda polepole mpaka 9!

Fundi_Redio_Mstaafu:
Umemshika. Rezista ya kathodi kwenye mchoro huo ni om 470. Gawa 24 kwa 470, unapata miliampia 51. Kati ya anodi na kathodi una volti 276, kwa hiyo valvu inabeba wati 14, na 6V6GT imeandikiwa 12. Ndiyo maana inaiva, na ndiyo maana valvu mpya haikusaidia. Ikiwa nzima, mguu 8 utasoma kama 17 hadi 20.

Weka kapasita ya plastiki, 0.022, volti 630. Hiyo tofauti na 0.02 sikio halitaijua.

Besi_Kavu:
Mzee, ya kwenye tivi ya chogo inafaa? Ninayo bodi nzima imekaa tu.

Fundi_Redio_Mstaafu:
Ya plastiki ikiwa na namba hizo, hata itoke kwenye tivi ya chogo sina neno. Ya nta hata mtu akiniletea bure siiweki.

Solo_wa_Ngamiani:
Nimepata mpya, nimetia solda jana. Mguu 8 unasoma 18, mguu 5 sifuri hata ikiwa moto, doa limekwisha. Nimepiga jioni nzima na noti zinadondoka mojamoja. Asante sana mzee.

Kimebaki kitu kimoja: nikizungusha volyumu inafanya khrr khrr. Nipulizie dawa ya kusafishia?

Fundi_Redio_Mstaafu:
Kwa chumvi ya hewa ya pwani potenshiomita (hicho kidude cha volyumu unachozungusha) inaweza kuwa chafu kweli, lakini usianze na dawa. Kuna kapasita ya pili ya nta kabla ya volyumu, kati ya hatua ya kwanza na ya pili ya 12AX7. Ikivujisha, DC inapita juu ya potenshiomita na kuizungusha kunakwaruza hivyohivyo. Pima kwenye mguu wa kuingilia wa potenshiomita. Ukikuta volti yoyote, nunua nyingine ya 0.022.

Solo_wa_Ngamiani:
Volti 3. Naenda dukani.