Umeme wa Ethiopia kuja Arusha na Moshi: tununue, ila mkataba tuuone kwanza

Wana Kaskazini, hili lisitupite. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia alisema mikoa yetu itanunuliwa umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya. Watu wakawaka: bwawa la Julius Nyerere tumelijenga kwa zaidi ya shilingi trilioni 6, lina megawati 2,115, halafu tukaombe kwa jirani?

Mimi naunga mkono kununua. Rufiji, bwawa lilipo, ni mbali, na umeme ukisafiri umbali ule sehemu yake hugeuka joto kwenye nyaya na kupotelea njiani. Serikali ilitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Namanga, mpakani na Kenya, ipo hapa mlangoni, na njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inapita Arusha. Tena si jambo geni. Kagera wametumia umeme wa Uganda miaka mingi, Rukwa wa Zambia.

Kinachonitisha ni usiri. Tuliusaini mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, mwaka 1995, na kwa miaka tukailipa kampuni ile kapasiti chaji, yaani pesa ya mitambo kuwepo tu, hata isipozalisha. Ikaja Richmond, kampuni iliyopewa zabuni ya umeme wa dharura wakati wa ukame wa 2006, na kashfa yake ikamng'oa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008. Mwaka 2014 Bunge likawaka moto kwa fedha za Tegeta Escrow, akaunti iliyowekwa pesa za mgogoro wa TANESCO na IPTL hiyo hiyo. Mara zote tatu mwananchi alijua masharti baada ya pesa kwenda, na gharama ikaishia kwenye uniti ya LUKU ya mama mwenye saluni pale Pasua na fundi wa kuchomelea mageti Unga Limited.

Wakenya wanajua wananunua kwa Ethiopia kwa senti 6.5 za dola kwa uniti, mkataba wa miaka 25. Sisi tuambiwe nini? Bei ya uniti ikifika Namanga, ada ya Kenya ya kupitisha, tunalipa kwa dola au shilingi, na tusipouchukua umeme wote tunadaiwa au hatudaiwi. EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, huita taftishi, yaani mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, bei zinapotaka kubadilishwa. Waiite na kwa hili, Arusha na Moshi, kabla ya wino kukauka.

Na tusidanganyane: nguzo iliyooza na transfoma iliyozidiwa mtaani haiponi kwa umeme wa Ethiopia. Kama hizo bilioni 32 kweli zitaokolewa, nataka nione ngapi zinarudi kwenye laini za Kaskazini, na zianzie vijiji vya mlimani ambako mashine za kusaga zinasimama kila mvua inaponyesha.

Mnaopinga kununua kabisa, semeni: tusubiri njia mpya ya kutoka Rufiji hadi lini, na viwanda vyetu viendeshwe na nini mpaka hapo?