Kasuku wangu giza likiingia anakuwa kama kipofu, ni kawaida?

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri. Nina kasuku wa kijivu yule wa mkia mwekundu, kaniachia mjomba alipohama (kibali kipo jamani msinishukie). Mchana ana jicho kali balaa, mwewe akipita juu sisi hata hatujamwona yeye keshalaza kichwa upande anamtazama kwa jicho moja. Shida ni usiku. Juzi umeme ukakatika ghafla kwenye saa mbili, akakurupuka akapigapiga mabawa humo tunduni mpaka akadondoka chini, namulika na tochi ya simu nakuta unyoya umevunjika damu inatoka, nikabandika unga wa ngano ikakata. Baadae nikampa karanga kwa mwanga wa mshumaa, akawa anadonoa pembeni anaikosa, mpaka ilipomgusa mdomo ndo akaidaka.

Najua macho ya hawa ndege ni ya mchana, rangi wanaziona kutuzidi hadi ile mionzi ya urujuanimno, ila gizani hawafui dafu. Sasa mwenzenu sielewi, hii ya karanga ni kawaida au anaanza mtoto wa jicho? Maana ana miaka kama 20 na mboni nikizimulika naziona nyeusi safi hazina ukungu. Na nikimwekea kataa kadogo ka sola usiku kucha si ntamharibia usingizi, au ndo itamtoa hofu? Mwenye uzoefu aniambie, mke wangu anasema ndege ana majini.