Kudidimia kwa ardhi juu ya kisima cha gesi: 2 cm au 7 cm, niamini ipi?

Mpima_Kigamboni:
Wakuu, naombeni msaada. Modeli yangu ina mawe mchanga ya gesi, unene 100 m, kina 2,000 m, nusu kipenyo 3,000 m, presha itashuka 10 MPa. Programu inasema ardhi itadidimia 2 cm katikati. Nikipiga kwa kanuni ya Geertsma (ya kukadiria kudidimia kwa mkono) napata karibu 7 cm. Kwenye programu nimeweka moduli ya Young (E, ugumu wa mwamba) 25 GPa kutoka vipimo vya sauti vya kisimani, na uwiano wa Poisson (ν, jinsi mwamba unavyotanuka upande ukibanwa) 0.25. Kwa Geertsma nimetumia Cm (kiasi mwamba unavyobanika wima) ya maabara, 0.0001 kwa kila MPa.

JiweLaPwani:
Mkuu, hesabu zote mbili ni sahihi, ulichoziingizia ndicho tofauti. Cm = (1+ν)(1−2ν) / [E(1−ν)]. Kwa 25 GPa unapata 0.000033, theluthi ya ile ya maabara. Mawimbi ya sauti huutikisa mwamba kidogo sana na kwa kasi, hivyo huonekana mgumu kuliko ukibanwa polepole kwa miaka. Weka 8.3 GPa uone, zitakutana.

Ila hata ya maabara usiimeze nzima. Sampuli ikitolewa chini hulegea na kupata nyufa, na mzigo wa kwanza huanza kwa kuzifunga, kwa hiyo Cm hutoka kubwa mno. Ibanwe wima bila kuruhusiwa kutanuka upande, ifikishwe mzigo wa asili (uliokuwa ukiibana huko chini), ipunguziwe, ipandishwe tena. Mteremko usome kuanzia mzigo wa asili hadi 10 MPa juu yake, basi.

Gridi255:
Kagua pia seli (vipande vya gridi ya modeli) zilizozimwa. Presha ikihamishwa kutoka modeli ya mtiririko wa gesi, seli hizo huweza kuja na sifuri, na modeli hudhani presha yote ya asili imetoka. Utaona shimo kubwa pembeni lisilo na maelezo. Zirudishie presha ya mwanzo. Kama kuna maji yanayoungana na gesi, nayo presha yake hushuka, hivyo yape mshuko wake wa presha.

Mpima_Kigamboni:
Asanteni sana. Naweza kulinganisha na kudidimia kwa Ekofisk, ule uwanja wa mafuta wa baharini?

JiweLaPwani:
Hapana. Ile ni chokaa laini ya Norwei, vinyweleo vyake huporomoka, na maji huidhoofisha zaidi. Kudidimia kuligunduliwa 1984, na 1987 majukwaa yakainuliwa 6 m. Mawe mchanga yako yako karibu zaidi na yale ya uwanja wa gesi wa Groningen, Uholanzi.

Gridi255:
Na kama eneo lako ni kama Songo Songo, rada ya setilaiti itakupa kisiwa tu, sakafu ya bahari haiioni. Funga GPS za kudumu kabla presha haijashuka.