Mjadala: Mwalimu mkuu asiyewahi kufundisha chekechea aongoze shule yenye PP1 (darasa la kwanza la chekechea)?

Mwalimu wa nasari, Eastlands
Naleta swali hili kwenu kwa sababu kwa walimu wenzangu tumelibishania hadi chai ikapoa.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea. Shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu na walimu wake wakabaki TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu. Ukija shuleni lakini, unakuta ua mmoja, lango moja, mfereji mmoja wa maji. Anayefundisha PP1 analipwa na kaunti, na mwalimu mkuu aliye hatua ishirini kutoka mlangoni pake ni wa TSC.

Choo tulichogawiwa kilichimbwa kwa kipimo cha miguu ya watoto wa gredi ya sita. Wa miaka minne akichuchumaa pale anaona tundu linataka kummeza, basi anajibana. Ikifika saa tano anajiachia darasani, halafu analia kwa aibu. Nilimfikishia mkuu mara tatu. "Mwalimu, hao ni wa kaunti." Hakuwa mtu mbaya, tena kwa mitihani alikuwa simba. Ila hajawahi kumfunga mtoto wa watu vifungo vya shati.

Mimi nasema mtu asipewe ukuu kabla hajakaa nasari muhula mzima, asubuhi hadi mchana, pua za kupangusa zikiwemo.

Baba Pacha, Umoja
Mwalimu, choo nakubali. Huo muhula je, atalipwa na nani? TSC wamtoe mtu wao akafanye kazi ya kaunti? Wakuu husomea uongozi KEMI, chuo cha usimamizi wa elimu. Chekechea iwekewe uzito hukohuko, kuliko kuzua vita vingine vya mishahara.

Mwalimu wa nasari, Eastlands
Ndugu yangu, pua haipanguswi kwa notisi za semina.

Mstaafu wa ukaguzi
Msimkebehi anayesoma. Kule Ypsilanti, Michigan, Marekani, mwaka 1962 walianza utafiti wa watoto 123 wa familia maskini, wengine wakapelekwa chekechea, wengine la. Ile nafuu ya vipimo vya akili ilififia baada ya miaka michache. Lakini walipokuwa watu wazima, waliopitia chekechea ndio waliokuwa na vipato bora na kesi chache za polisi. Mkuu anayepima kwa alama peke yake hawezi kuona faida hiyo, hata akae nasari mihula kumi.

Mama Mukuru
Nyie mnavutana TSC na kaunti. Huku kwetu wengi wanasoma shule za watu binafsi. Ya jirani yangu ilianza na nasari tu, chumba kimoja cha mabati. Leo jirani huyo ndiye mkuu, na bado kila asubuhi anasimama langoni akiwavua wadogo masweta yaliyolowa.

Baba Pacha, Umoja
Kumbe. Dishi na County, ule mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni, ilipoanza 2023 walipakuliwa wote, PP1 na gredi ya sita, kwa shilingi 5. Tumboni hakuna wa TSC. Sasa tuelezeni, choo ndicho kinashindikana kwa nini?