Naomba ushauri: mdahalo kuhusu Omar Khadr

Habari zenu wakuu. Ni mwalimu wa sekondari hapa Ilemela, Mwanza, nasimamia klabu ya midahalo. Mada yetu ni jinsi serikali ya Kanada ilivyomtendea Omar Khadr, raia wake aliyekamatwa Afghanistan na jeshi la Marekani mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akituhumiwa kumuua askari wa Marekani kwa bomu la mkono, na kupelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani lililoko Cuba. Maofisa wa Kanada walimfuata kule gerezani kumhoji, lakini serikali ikakataa kuomba arudishwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema haki zake zimevunjwa, ila ikaiachia serikali iamue cha kufanya. Alirudi 2012, moja kwa moja jela. Serikali kumwomba radhi ni 2017. Inaniuma sana, miaka 15 ndio umri wa hawa wa kidato cha pili.

Nimewasomea Sheria ya Mtoto ya 2009, kwamba mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Binti mmoja akasimama: "Mwalimu, yule askari wa Marekani aliyeuawa kwa bomu la mkono hana mama?" Darasa likanyamaza, nami nikakosa jibu. Khadr alikiri kosa hilo 2010, baadaye akasema alikiri ili atoke Guantánamo.

Naombeni msaada: niupe vipi uchungu wa familia ya yule askari nafasi yake bila kuzima swali la wajibu wa serikali kwa mtoto wake? Na je, kuna maelezo ya Kiswahili chepesi ya itifaki (mkataba wa nyongeza) ya Umoja wa Mataifa ya 2000 kuhusu watoto vitani?

Natanguliza shukrani.